Mjadala: Je, historia ya muziki wa Uingereza imemdhulumu Emile Ford, au alijiondoa mwenyewe jukwaani?

Ndugu wasomaji, naomba tuujadili wasifu wa mwimbaji ambaye wengi wetu hatukupata kumsikia redioni. Miaka ya 1960 inapotajwa katika muziki wa Uingereza, akili hukimbilia moja kwa moja kwa vijana wanne wa Liverpool, yaani bendi ya Beatles. Lakini tarehe 1 Januari 1960, muongo huo ulipoanza, wimbo uliokuwa juu kabisa katika orodha ya mauzo nchini humo ulikuwa wa Emile Ford, kijana mweusi wa miaka 22, mzaliwa wa Castries katika kisiwa cha Saint Lucia, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Mwingereza. Swali langu ni hili: kwa nini jina lake halitajwi pale wanapotajwa waasisi, na nani alaumiwe?

Kwa asiyemfahamu, Ford alihamia London katikati ya miaka ya 1950 akasomea ufundi wa sauti katika chuo cha ufundi cha Paddington. Alianzisha bendi ya Checkmates pamoja na ndugu zake wa mama mmoja, na mwaka 1959 wakashinda shindano la vipaji katika tamasha la Soho. Zawadi ilikuwa mkataba na kampuni ya EMI. Ford aliukataa, kwa kuwa kampuni haikuwa tayari kuiachia bendi isimamie yenyewe kazi ya kurekodi, akaenda kampuni nyingine ya kurekodi, Pye, ambako alikubaliwa. Kibao chake cha kwanza, “What Do You Want to Make Those Eyes at Me For?”, kilikuwa wimbo wa zamani wa mwaka 1916 aliouvalisha mdundo mpya. Kilikaa kileleni wiki sita, ya kwanza kati ya hizo akigawana nafasi hiyo na mwimbaji mwenzake Adam Faith, na kikauza zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1960 alifuatisha na vibao vingine, viwili kati yake vikiingia katika nafasi tano za juu. Baada ya hapo mauzo yalishuka, na mwaka 1963 bendi ikavunjika.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Beatles waliwafagia waimbaji wote wa kizazi chake. Kwa Ford maelezo hayo hayasimami, kwani santuri ya kwanza ya Beatles kwa kampuni ya EMI ilitoka Oktoba 1962, na kufikia hapo nyota ya Ford ilikuwa imekwisha kufifia. Mtu hawezi kuangushwa na mshindani ambaye bado hajaingia uwanjani.

Hoja ya rangi ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Ghasia za Notting Hill, mtaa wa London, ambapo makundi ya vijana weupe yaliwashambulia wahamiaji kutoka Karibi, zilitokea Agosti na Septemba 1958. Mei 1959, katika mtaa huohuo, Kelso Cochrane, fundi seremala kutoka Antigua, aliuawa kwa kuchomwa kisu na vijana weupe. Miezi saba tu baadaye, kijana mweusi aliyesomea Paddington, jirani kabisa na hapo, yuko kileleni akiimba wimbo wa kutaniana na msichana mwenye macho ya kuvutia! Sijui kama tunaupa uzito unaostahili ujasiri wa jambo hilo. Hata hivyo tukio hilohilo linaonyesha kwamba wanunuzi hawakuwa kikwazo, maana walitoa pesa zao. Kikwazo, kwa maoni yangu, kilikuwa katika biashara yenyewe. Meneja mashuhuri wa wakati ule, Larry Parnes, alikuwa akiwaandaa vijana weupe kama Tommy Steele, Marty Wilde na Billy Fury wawe vipenzi vya mabinti, na soko zima lilijengwa juu ya sura ya namna hiyo. Shirley Bassey, mwanamke mweusi kutoka Cardiff aliyefika kileleni mapema mwaka 1959, alidumu, lakini njia yake ilikuwa ya kumbi za starehe na nyimbo za watu wazima, si ya mabinti wanaopiga kelele mbele ya jukwaa.

Wapo watakaosema kwamba Ford alijimaliza mwenyewe kwa kurudia nyimbo za zamani kwa mtindo uleule. Hapo nakubali kwa sehemu: mbinu iliyoshangaza mara ya kwanza ilikuwa imezoeleka ilipofika mara ya nne. Lakini nadhani wakosoaji hao wanampima kwa kipimo kisicho chake. Ford alikuwa fundi wa sauti kabla ya kuwa nyota. Alihangaikia namna muziki unavyosikika jukwaani, akabuni mfumo wake mwenyewe wa sauti kwa ajili ya maonyesho, na mwaka 1969 akafungua studio Barbados kabla ya kuhamia Sweden. Mtu aliyeanza safari yake kwa kuikataa EMI ili ashike mitambo kwa mikono yake hakuacha fani alipoacha kuimba.

Tuwe waangalifu pia na sifa ya “mtu mweusi wa kwanza” kushika namba moja Uingereza, anayopewa bila ufafanuzi. Mpiga piano Winifred Atwell wa Trinidad alishika namba moja mwaka 1954, miaka mitano kabla yake. Tukimtetea Ford kwa kumfuta Atwell tutakuwa tumehamisha dhuluma tu.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba amedhulumiwa, na waliomdhulumu zaidi ni waandishi wa historia wanaohesabu miaka ya umaarufu na kusahau nani alidai haki ya kusimamia sauti yake mwenyewe wakati wasanii wengi walikuwa wakiimba walichopewa. Ford alifariki London Aprili 2016 akiwa na umri wa miaka 78. Anayeona kwamba vibao vya mwaka mmoja na nusu havitoshi kumweka mtu miongoni mwa waasisi, naomba atueleze ni vingapi vingetosha, na kama kipimo hicho angekitumia pia kwa Tommy Steele.