Tamthilia za miungu za Kichina: kufa kumekuwa mchezo, nimechoka!

Wakuu, nina hasira na leo naitoa yote. Hizi tamthilia za Kichina za miungu na majini, zile zinazoitwa xianxia, zinatuchukulia poa sana sisi watazamaji. Ukishatazama vipande vitano vya mwanzo, mwisho unaweza kuusimulia mwenyewe. Binti yuko duniani hajijui yeye ni nani, anapendana na mwana wa mfalme wa mbinguni, wanaachana kwa damu, mmoja anapoteza kumbukumbu, mmoja anakufa. Halafu dakika za lala salama marehemu huyo anatokea, anatabasamu, imeisha.

Kurudiarudia peke yake nisingekulalamikia, ngano zote hurudia. Kinachoniuma ni kwamba kifo hakigharimu kitu! Chukueni Eternal Love ya 2017, vipande 58. Binti mkuu, Su Su, anasingiziwa, anang'olewa macho, na anayeyatoa ni mume wake mwenyewe, Ye Hua. Akiwa kipofu anajirusha kutoka jukwaa la Zhuxian. Nililia. Kumbe ni mungu muda wote, jina lake Bai Qian, anakunywa dawa ya kusahau na machungu yote yanafutika. Ye Hua naye anajitoa mhanga kumzuia adui yao Qing Cang, tunamlilia mpaka basi, kipande cha mwisho huyo hapo. Mwaka uliofuata ikaja Ashes of Love, vipande 63. Siku ya harusi yake na mwanamume mwingine, Jinmi anamchoma kisu mpenzi wake Xufeng, Xufeng anafufuka. Mwishoni Jinmi anakufa, naye anarudi. Sasa hawa wanaogopa nini? Na mimi niwahofie kwa lipi?

Angalieni hata wanavyokufa. Mchirizi wa damu pembeni ya mdomo, wanja uko vilevile, nywele hazijatoka mahali pake, wimbo uleule, na mapenzi yao yote tangu siku ya kwanza yanarudishwa polepole tuyatazame upya. Mwaka 2020 mamlaka ya utangazaji ya China ilihimiza tamthilia zisizidi vipande 40. Nikajua sasa vijazio vitaondoka. Wapi! Urefu umepungua, picha za kurudisha nyuma zipo palepale.

Na wasiseme hawana hadithi nzito kwao. Mfumaji wa mbinguni alimpenda mchunga ng'ombe, wakatenganishwa na mto wa nyota, wanaonana usiku mmoja tu kwa mwaka, siku ya saba ya mwezi wa saba wa kalenda ya jadi ya Kichina. Bai Suzhen, nyoka mweupe aliyeolewa na binadamu, alifungiwa chini ya mnara wa Leifeng kule Hangzhou. Adhabu hiyo iliwaingia watu moyoni hasa. Mnara wenyewe ulipoporomoka kweli mwaka 1924, mwandishi Lu Xun aliandika kuufurahia, maana tangu utotoni alikuwa akitamani uanguke. Hadithi ya mapenzi ya jini na mtu ikamfanya mtu mzima achukie jengo! Nani kati yetu atakumbuka kifo cha Ye Hua namna hiyo?

Waandishi wa hizi tamthilia, mkimuua mtu, muacheni afe. Mkimfuta mtu kumbukumbu, asirudishiwe zote kwa mpigo kipande cha 38 kwa sababu tu harusi imekaribia.

Mwenye kujua xianxia ambayo stelingi anakufa na kipande cha mwisho kinaisha bado amekufa, aitaje hapa. Naanza kuitazama leo usiku.