Kamshafti mpya kwenye 2F: naiwashaje mara ya kwanza isije ikalika?

Mwenye2F
Wakuu, salaam. Nina Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 2F, ile ya silinda sita ya pushrodi (fimbo za kusukuma valvu). Kamshafti, ile shafti yenye nundu za kufungulia valvu, ilikuwa imelika nundu mbili, nimeitoa na kuweka mpya. Tapeti, vile vipande vinavyokaa kati ya nundu na pushrodi, bado sijarudisha. Za zamani naziona nzima, zinang'aa chini, nafikiria kuzitumia hizo hizo. Shida yangu ni kuwasha mara ya kwanza: mmoja ananiambia niiache sailensa (izunguke polepole bila kukanyaga mafuta) nusu saa ipate joto, mwingine anasema sailensa nisiiguse kabisa. Nimsikilize nani? Hii kazi imekula jioni zangu za wiki mbili, sitaki kuirudia.

Taratibu_Tu
Mkuu, injini iliyotoka kufunguliwa inataka upole. Washa, iache sailensa mpaka ipate joto, halafu kilomita 500 za kwanza usiikamue. Yangu nilifanya hivyo na haijasumbua.

FundiWaPushrodi
Mwenye2F, usiguse starta kabla hujanisoma. Tapeti zenye roli, yaani kigurudumu kinachobiringika juu ya nundu, zingeuvumilia ushauri huo. Zako hazina roli, zinasugua juu ya nundu, na kwa aina hiyo sailensa ndiyo inayoua.

Najua kwa sababu niliua moja. Ilikuwa Rover V8 ya lita 3.5, kamshafti mpya, tapeti mpya. Ikawaka vizuri, nikaona maji yanadondoka kwenye paipu ya rejeta. Nikaiacha sailensa huku nakaza klipu, kama dakika kumi hivi. Geji ya oili ilisoma vizuri, nikafunga boneti nimeridhika. Wiki ya tatu mwenye gari akarudi: inagonga, silinda moja haina nguvu. Nilipofungua, nundu moja ilikuwa imebaki karibu duara, na tapeti yake imechimbika katikati. Chenga za chuma zilikuwa zimetembea na oili mpaka kwenye beringi za kranki, ile shafti kuu ya chini. Nilirudia injini nzima, na mpaka leo ile sura yake aliponiuliza "kwani tulikosea wapi?" sijaisahau.

Tulikosea hapa. Beringi za kamshafti zinaletewa oili kwa presha, lakini nundu zenyewe zinategemea zaidi oili inayorushwa na kranki inapozunguka chini yake. Sailensa, kranki hairushi oili ya kutosha. Na wakati huo huo springi ya valvu inakandamiza tapeti kwenye sehemu nyembamba mno ya nundu, chuma kipya kwa chuma kipya ambavyo bado havijazoeana. Dakika chache zinatosha kuharibu.

Tapeti za zamani usirudishe. Ukiitazama tapeti mpya utadhani ni bapa, lakini uso wake una mbinuko mdogo sana, na nundu imechongwa na mteremko mdogo. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoifanya tapeti ijizungushe inapofanya kazi. Ya zamani imeshalika kufuata nundu yake ya zamani. Ukiiweka juu ya nundu mpya inaweza kugoma kuzunguka, na tapeti isiyozunguka hula nundu. Huo mng'ao unaouona ni dalili ya kulika.

Sasa fanya hivi. Paka grisi nyeusi ya molibdenamu kila nundu na uso wa kila tapeti. Rekebisha nafasi za valvu (ule uwazi mdogo unaoachwa kwenye kila valvu), kisha weka alama ya kalamu juu ya kila pushrodi na uzungushe injini kwa spana mizunguko kadhaa. Alama zote zinatakiwa zihame. Ambayo haihami, toa tapeti yake uangalie tundu lake.

Oili tafuta yenye zinki na fosforasi ya kutosha, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Oili nyingi nyepesi za kisasa, mfano 5W-30 za petroli, zimewekewa kikomo cha fosforasi sehemu 800 katika milioni ili zisiharibu masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Kwa tapeti za kusugua mimi sishuki chini ya 1,200.

Jaza rejeta, jaza kabureta, weka taimingi (wakati wa cheche) sawasawa, hakikisha pampu ya oili imeshajaa na oili imefika juu. Lengo ni injini iwake palepale. Kupiga starta muda mrefu kunaifuta ile grisi kabla oili haijaanza kurushwa.

Ikiwaka tu, ipandishe mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika. Kisha icheze kati ya 1,500 na 2,500, polepole, usiiache mahali pamoja, ili oili irukie pande zote. Dakika 20 mpaka 30. Ukiona uvujaji au joto linapanda, ZIMA. Rekebisha, washa tena, endelea na dakika zilizobaki. Usifanye nilichofanya mimi.

Ukimaliza, mwaga oili ikiwa ya moto, badilisha filta, ipasue ya zamani uitazame.

Kemu_Mbili
Fundi, samahani nadandia. Mimi nina 4A-GE ya valvu 16, kamshafti mbili juu. Na mimi nifanye dakika 20?

FundiWaPushrodi
Ndugu yangu, zako pia zinasugua, ila juu ya vikombe vyenye shimu, visahani vya kurekebishia nafasi za valvu. Paka grisi ile ile, na karatasi iliyokuja na kamshafti ndiyo ikuambie dakika ngapi. Hofu yangu kwako ni kwenye kufunga: kaza vifuniko vya beringi kidogo kidogo kuanzia katikati, kwa zamu. Ukikaza upande mmoja huku springi zinasukuma, kamshafti inaweza kukatika. Nafasi za valvu pima injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.15 hadi 0.25 mm, za kutolea 0.20 hadi 0.30.

Mwenye2F
Mrejesho. Nilinunua tapeti mpya zote 12. Pushrodi moja alama yake iligoma kuhama. Tundu la tapeti lilikuwa na utandu mgumu wa oili ya zamani, nikalisafisha, ikazunguka. Dakika ya nane joto lilipanda, nikazima bila kubembeleza, kumbe hewa ilibaki kwenye rejeta. Nikamalizia 17 zilizobaki. Filta nimeipasua: rangi nyeusi ya grisi na vumbi laini la kung'aa, hakuna chenga za kushikika. Nafasi za valvu nimepima ya moto, 0.20 za kuingiza na 0.35 za kutolea, zote zimekaa.

FundiWaPushrodi
Hilo vumbi ni la kawaida mara ya kwanza. Ziandike hizo nafasi, upime tena baada ya kilomita 500. Ukikuta valvu moja nafasi yake inaongezeka peke yake, nundu yake inalika. Usisubiri igonge, fungua siku hiyo hiyo.

Taratibu_Tu
Asante fundi. Yangu nimeenda kuangalia, kumbe ni ya roli.