Buibui mkubwa kalala chali tangu magharibi: anakufa au anajivua gamba?

Mpuliza_Salfa (Nanyamba, Mtwara)
Wakuu, habari za usiku. Nina buibui wa shimoni, ukimpima na miguu ni kiganja cha mtoto. Nilimpata chini ya mkorosho tukipalilia, nikamweka kwenye ndoo ya rangi, udongo wa shamba nusu, mfuniko nimeutoboa. Alikuwa anakula mende vizuri tu. Ila tangu tuanze kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, hagusi kitu, na mlango wa shimo akauziba kwa utando. Leo namkuta nje, chali, miguu juu. Nikimpulizia kidogo mguu mmoja unatikisika. Bibi anataka nimtupe jalalani kabla hajaleta balaa. Nimgeuze? Mende mmoja mzima bado yumo humo.

Jongoo_wa_Chuno
Mmwagie maji ya baridi mkuu, atazinduka tu 😂

Mwalimu_Mtanda (Lindi)
Mdogo wangu, maji hapana, na usimgeuze. Fanya kitu kimoja sasa hivi: mtoe huyo mende, taratibu, kwa kijiti kirefu, bila kutikisa ndoo. Buibui akiwa katikati ya kujivua hana ulinzi wowote, na mende mwenye njaa atamtafuna akiwa hai. Kisha iweke ndoo mahali kuku na watoto hawafiki.

Buibui anayekufa kwa kawaida halali chali. Miguu hujikunja chini ya mwili, kwa sababu hunyooshwa kwa msukumo wa maji ya mwilini. Msukumo ukiisha, inajikunja yenyewe. Wako kagoma kula, kaziba mlango, na sasa nina hakika kalalia kitanda cha utando alichofuma mwenyewe. Huyo anajivua.

Ninao majike hapa nyumbani na nakesha nao nikiona dalili. Washa tochi ya simu kwa mbali, mwanga uelekee ukutani. Mwanzoni utadhani hakuna kinachoendelea, hata saa nzima. Halafu lile gamba gumu la mgongoni linaachia pembeni, pale miguu inapoanzia, linabanduka lote. Ngozi ya tumbo inachanika ubavuni na kusogea nyuma. Kazi yenyewe ni miguu. Anaivuta yote minane kwa pamoja, anatulia, anavuta tena, kama mtu anayevua soksi zilizolowa bila kutumia mikono. Hapo ndipo watu wenye huruma huharibu, wanataka kusaidia kwa kibanio. Mguu mpya ni laini mno, ukivutwa unakatika.

Mdogo humaliza upesi, mkubwa huchukua saa kadhaa. Akimaliza, chonge zake zitakuwa nyeupe pee. Baadaye zinakuwa nyekundu, mwisho nyeusi tii. Kabla hazijawa nyeusi usimpe chakula; kwa mkubwa ni wiki moja hadi mbili. Maji ya kunywa mwekee kwenye kizibo cha chupa. Kipupwe hiki hewa ni kavu, kwa hiyo akishageuka lowesha kona moja ya udongo, yeye mwenyewe usimnyunyizie.

Na mende usiokote shambani mkishaanza dawa ya mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza mikorosho. Hiyo ni sumu ya wadudu, itamfikia ndani ya mende.

Mpuliza_Salfa
Shikamoo mwalimu. Mende nilimtoa, nikakaa. Kamaliza usiku wa manane! Nilipochungulia nikaona wawili, nikadhani kazaa. Mguu aliokuwa hana tangu namtoa shimoni umeota, mfupi, mwembamba, lakini ni mguu. Chonge nyeupe kweli. Bibi kaja na kandili yake, kaangalia sana, akaniuliza huyu wa pili tunamlisha nini. Je, nitajuaje dume au jike?

Mwalimu_Mtanda (Lindi)
Marahaba. Msalimie bibi, mwambie wa pili ni ganda tupu.

Litoe ganda akishajitenga nalo. Loweka sehemu ya tumbo kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, itanyumbuka. Itandaze polepole, upande wa ndani juu. Utaona mabaka manne meupe, ndiyo mapafu, nayo huvuliwa. Tazama katikati ya yale mawili ya mbele: ukikuta kijifuko kimesimama, ni jike, humo ndimo anatunza mbegu za dume. Pakiwa laini tupu, huenda ni dume. Akiwa mdogo sana utahitaji kioo cha kukuzia.

Jike huendelea kujivua maisha yake yote, na huishi miaka mingi. Dume akishapevuka, vijimkono vya mbele huvimba nchani, na baada ya hapo hana maisha marefu.

Usimshike mkononi. Hawa wa Afrika hawana manyoya ya kuwasha ya kurusha kama wengi wa Amerika. Wanategemea mbio na chonge. Akiwa na michoro ya nyota mgongoni anaweza kuwa wa aina iitwayo Pterinochilus murinus, na huyo akikuuma utapata maumivu makali na misuli kukakamaa.

Jongoo_wa_Chuno
Nasikia wazungu wanawanunua hawa. Bei gani?

Mwalimu_Mtanda (Lindi)
Wanaofuga kule Ulaya wanawazalisha wenyewe, hasa wale wa rangi ya chungwa wa Usambara. Na serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016. Tafuta korosho uuze.