Mnaouza "kazi zote kamili" za H.P. Lovecraft, rudisheni hela za watu

Wakuu, habari za usiku. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa vitabu kwa ujumla, utapotea. Nilijipa siku tatu nipoe ndipo niandike, na bado sijapoa.

Nimeuziwa kitabu kilichokatwa. Sisemi kurasa zimenyofoka, hilo mtu angeliona. Nasema maneno ya mwandishi yameondolewa katikati ya hadithi, pengo likafunikwa, halafu juu ya kava pakaandikwa kwamba ndani mna kazi zote kamili za H.P. Lovecraft, yule Mmarekani wa hadithi za kutisha.

Nilidunduliza miezi minne. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mwenzangu wa chumba alikuwa na juzuu moja la Lovecraft la wachapishaji Penguin, lililochakaa hadi kava limeshikwa na selotepu. Umeme ukikatika tulikuwa tunasomeana "At the Mountains of Madness" kwa tochi ya simu, ile ya wanasayansi waliokwenda Antaktika wakakuta mji wa viumbe waliokuwepo duniani kabla ya binadamu. Siku zile niliweka nadhiri kwamba nitakuwa na Lovecraft wangu mwenyewe, mzima, nije kumwachia na mwanangu. Muuzaji simtaji. Bei yake pamoja na usafirishaji ilizidi kodi yangu ya mwezi, nikalipa. Kikaja: kava gumu jeusi, herufi za dhahabu, utepe mwekundu wa kuwekea alama. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Nikafungua yaliyomo kutafuta "The Case of Charles Dexter Ward". Hamna. Hiyo ndiyo hadithi ndefu kuliko zote alizoandika, sasa hizo "kazi zote" ni zipi? Nikatafuta jina la mhariri, hamna. Utangulizi hamna, wala maelezo ya wapi maandishi yametolewa. Ukurasa wa hakimiliki una sentensi moja tu ya kumkataza msomaji asinakili. Halafu makosa ya kuskani kila baada ya kurasa chache: herufi I imegeuka namba 1, "Cthulhu", jina la kiumbe wake maarufu, imekuwa "Cthulbu", na maandishi ya mlazo (italiki) yamepotea yote. Lovecraft alipenda kuweka pigo la mwisho la hadithi katika mlazo. Wao wameyanyoosha yakawa kama maneno mengine.

Yule mwenzangu wa chumba sasa yuko Morogoro. Nikampigia, akanitumia lile juzuu lake kwa basi. Usiku wa Jumamosi nikakaa mezani na mdogo wangu wa kike, yeye anasoma ile hadithi ya Antaktika kwenye Penguin kwa sauti, mimi nafuata kwa penseli kwenye changu. Mwanzoni tofauti ilikuwa ya aya. Aya moja ndefu ya mwandishi, inayokuingiza pole pole kwenye baridi na giza, kwangu imevunjwa vipande viwili au vitatu. Nikavumilia. Tulipokaribia mwisho nikampoteza kabisa.

"Umeruka," nikamwambia.

"Sijaruka, kaka. Angalia."

Nikaangalia kwake, nikaangalia kwangu. Sentensi nzima nzima hazipo, tena pale ambapo wale watu wawili wako chini ya mji na unataka kujua wameona nini.

Wakuu, hilo halikufanywa na mashine ya kuskani. Hadithi hii ilitoka kwa mara ya kwanza katika jarida la Astounding Stories, Februari hadi Aprili 1936. Jaridani wakavunjavunja aya, wakabadilisha tahajia na alama za uandishi, na kuelekea mwisho wakaondoa kama maneno 1,000. Lovecraft alipoona alipandwa na ghadhabu. Katika barua alimwita mhariri, Orlin Tremaine, mavi ya fisi, na akasema kwake hadithi hiyo haihesabiki kuwa imechapishwa. Akachukua nakala zake za jarida, akakaa kuzisahihisha kwa mkono. Machi 1937 akafa kwao Providence, ana miaka 46, maskini wa kutupwa.

Sasa mtu huyo, aliyekaa na kalamu kurudisha maneno yake mwenyewe, leo anauzwa kwa maneno yaleyale aliyoyakataa akiwa hai. Na wanaoyauza wanaita kamili! Hapa ndipo ninaposhindwa kupoa.

Wangekuwa hawana pa kupata maandishi sahihi ningenyamaza. Yapo. S.T. Joshi, mtafiti wa Lovecraft mzaliwa wa Pune, India, alikwenda kwenye hati za mkono na za taipu zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Brown, akalinganisha neno kwa neno, na kampuni ya vitabu ya Arkham House ikaanza kutoa maandishi yaliyosahihishwa mwaka 1984. Hadithi ya Antaktika ilirudishiwa maneno yake mwaka 1985. Hati ya mkono ya hadithi yake nyingine, "The Shadow Out of Time", ilidhaniwa imepotea kabisa. Kijana aliyeipiga taipu, R.H. Barlow, alihamia Mexico akafa huko 1951, na hati ikabaki kwa mwanafunzi wake kwa miongo, hadi ikafika Brown miaka ya 1990. Mwaka 2001 maandishi yake sahihi yakachapwa. Watu wametumia umri wao kwenye kazi hii, na wewe muuzaji unashindwa hata kuandika kwenye ukurasa mmoja kwamba umetumia maandishi ya zamani.

Sijafika kwa Derleth. August Derleth, mwandishi mwenzake, anastahili shukrani, hilo silikatai. Wachapishaji wakubwa walipokataa, yeye na Donald Wandrei walianzisha Arkham House mwaka 1939 ili rafiki yao asisahauliwe, wakatoa kitabu cha hadithi zake, The Outsider and Others, nakala 1,268. Lakini baadaye Derleth alichukua vipande na madondoo aliyoacha marehemu, akatunga hadithi zake mwenyewe, na jina la Lovecraft akaliweka mbele. The Lurker at the Threshold ya 1945 ina maneno kama 50,000, na ya Lovecraft humo ni kama 1,200 tu. Kitabu changu kina hadithi mbili za namna hiyo na jina la Derleth halipo popote. Msomaji mgeni akizisoma ataondoka akiamini Lovecraft aliandika vita vya miungu wema na miungu wabaya. Hiyo ni imani ya Derleth. Kwa Lovecraft ulimwengu haumjali binadamu hata kidogo, haumpendi wala haumchukii, na kitisho chake chote kimesimama hapo. Ukimchanganya na Derleth umemvunja uti wa mgongo.

Najua mlango wa vitabu kama hiki ulifunguliwa wapi. Katika nchi ambazo hakimiliki inaisha miaka 70 baada ya kifo, Lovecraft ni mali ya umma tangu Januari 2008. Ni jambo jema, mimi ni mtu wa kwanza kufurahi. Ila mali ya umma haimaanishi umma uuziwe mabaki.

Na kuna la kuniuma kama Mwafrika. Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi, tena bila kujificha. "Facts Concerning the Late Arthur Jermyn and His Family" imejengwa juu ya Kongo, na kitisho chake ni kwamba damu ya ukoo wa Kiingereza imechanganyika na kitu cha misitu ya huko. Katika "The Rats in the Walls" paka anaitwa kwa tusi la watu weusi. Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, alishinda World Fantasy Award, tuzo ya uandishi wa fantasia, mwaka 2011 wakati sanamu ya tuzo ilikuwa kichwa cha Lovecraft, akaandika waziwazi jinsi jambo hilo lilivyomkaa. Mwaka 2015 waandaaji wakatangaza kuiacha sanamu hiyo. Joshi alichukia akarudisha tuzo zake. Hapo simuungi mkono kabisa, ingawa kwa maandishi namwamini kuliko mtu yeyote.

Kitabu changu kimefanya nini? Jina la paka limebadilishwa kimyakimya, aliyebadilisha hakusema, na hadithi ya Kongo imeachwa bila hata mstari mmoja wa maelezo. Sikuomba nifichwe. Mimi ni mtu mzima, nataka kuona alichoandika jinsi kilivyo, na pembeni mtu anayejua anieleze aliandika lini na kwa nini. Mwanangu akikikuta kwenye rafu siku moja, nataka akute na maelezo.

Kwa anayetaka kununua sasa: kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akutumie picha ya yaliyomo na ya ukurasa wa hakimiliki. Pasipo na jina la mhariri wala chanzo cha maandishi, acha. Ukiona "The Colour Out of Space" imeandikwa "Color", ujue kuna mkono umepita, maana mzee alikuwa king'ang'anizi wa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza. Mimi ningechukua Penguin za Joshi, majuzuu matatu ya 1999, 2001 na 2004, yana maelezo mazuri nyuma. Ubaya wake ni kwamba kila juzuu linaanza upya tangu hadithi za ujanani, kwa hiyo kumfuata mwandishi alivyokua inabidi uwe na yote matatu mezani. Asiyeweza matatu atafute la Library of America la 2005, hadithi 22 zilizochaguliwa na Peter Straub. Halina kila kitu, ila jina lake ni Tales tu, halidai kuwa na kila kitu, na maandishi ni yale yaliyosahihishwa. Lenye picha na maelezo la Leslie Klinger, 2014, ni zuri sana lakini ni zito na bei yake inauma.

Na tafadhali msije kuniambia nipakue PDF bure. Nimeshaziangalia, nyingine zina pengo lilelile mahali palepale, na nina shaka kitabu changu kilichapwa kutoka huko.

Muuzaji nimemwandikia mara mbili. Mara ya kwanza alinyamaza. Ya pili akajibu kwamba kitabu ni kilekile na maneno machache hayabadilishi hadithi. Kesho namwandikia ya tatu, namtumia picha ya kurasa mbili zilizolazwa pamoja, ya Penguin na ya kwake, penseli ikionyesha pale mdogo wangu aliposema hajaruka. Kama na wewe umeuziwa hicho chenye utepe mwekundu, weka picha ya yaliyomo hapa chini nimpelekee zote kwa pamoja.