Naomba ushauri: tuutayarishe vipi mtandao wa vijijini kabla ya kupimwa na mdhibiti?

Fundi wa Mikocheni
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Ofisi yetu ndogo iko Mikocheni, nasi tunapeleka intaneti kwa mawimbi ya redio katika vijiji kadhaa vya Kisarawe na Rufiji. Nimekabidhiwa kuutayarisha mtandao kwa vipimo vya ubora. Bosi anaamini tumeshafaulu, kwa sababu kila asubuhi kipimo cha kutoka ofisini hadi mnarani kinaonyesha kasi kamili. Mimi nina wasiwasi. Nianzie wapi?

Mzee wa Minara
Marahaba. Kipimo hicho kinapima njia yenu, hakimpimi mteja. Nchini Marekani, watoa huduma wanaopokea ruzuku ya vijijini hutakiwa na mdhibiti wao, FCC, kupima kutoka nyumbani kwa wateja walioteuliwa kwa bahati nasibu hadi kituo cha kubadilishana trafiki, yaani mahali mitandao ya intaneti inapokutana, kati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku, kwa wiki nzima katika kila robo ya mwaka. Asilimia 80 ya vipimo vya kasi lazima ifikie walau asilimia 80 ya kasi inayotakiwa, na asilimia 95 ya vipimo vya ucheleweshaji, yaani muda wa data kwenda na kurudi, isizidi milisekunde 100. Kanuni utakazozifuata ni za TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, lakini kwa mazoezi ya ndani kigezo hicho kinafaa sana.

Binti Hesabu
Naongezea hesabu, kwa sababu wastani huficha mengi. Ukipima wateja 20 mara moja kwa saa, kwa muda wa saa sita kila jioni, siku saba, unapata vipimo 840, na vinavyoruhusiwa kushindwa ni 168. Iwapo watano kati yao wanategemea mnara mmoja unaoelemewa kila jioni, hapo umepoteza vipimo 210 na umeanguka, kwani vilivyofaulu ni asilimia 75 tu, hata kama minara mingine yote ni mizima. Kwa hiyo panga matokeo mnara kwa mnara.

Fundi wa Mikocheni
Ahsante, dada. Na mteja akiwa anatazama mpira wakati wa kipimo?

Mzee wa Minara
FCC huruhusu kipimo cha kasi kiahirishwe kwa muda mfupi iwapo mteja anapakua zaidi ya kilobiti 64 kwa sekunde, au anapakia zaidi ya 32. Kifaa cha kupimia kiunganishe kwa waya, maana waifai ya sebuleni itakuletea lawama zisizo zako. Kagua pia saa za vifaa: kikiwa kwenye saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, "saa 12 jioni" yake ni saa 3 usiku kwetu, nacho kitaendelea kupima hadi saa 9 alfajiri, watu wamelala na mtandao unateleza. Nimewahi kuyashangilia matokeo ya namna hiyo, na aibu yake ninayo hadi leo.

Fundi wa Mikocheni
Nimekagua sasa hivi, mzee wangu. Vifaa vyetu vitatu vinasoma UTC, na viwili kati yake ndivyo vilivyotoa matokeo ambayo bosi aliyasifu kikaoni. Navirekebisha leo, kisha kesho naelekea Kisarawe na waya.