Hilux ya 1984, injini 22R: niongeze nini wakati bado iko wazi?

PikapuKuukuu:
Wakuu, heshima kwenu. Bodi nimeshamaliza, welding na rangi tayari. Injini iko chini, hedi (kichwa cha injini) imetoka. Silinda namba tatu kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ilikuwa chini kuliko wenzake. Kwa vile nimeshafungua, natamani nifunge kemshafti kali (shafti inayofungua vali, ya kuongeza nguvu), pistoni za kompresheni ya juu na kabureta ya Weber 32/36. Gari ni la kubeba mizigo. Nianze na kipi?

SpanaKumiNaNne:
Mkuu, kemshafti kali kwa gari la mizigo ya nini? Nguvu itahamia juu, kwenye mizunguko mingi, na wewe unaihitaji chini unapoondoka na mzigo mlimani.

Kabla ya yote, toa kava ya cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemshafti. 22R za mwanzo zilikuwa na cheni ya mistari miwili, baadaye ikawa mmoja, na gaidi zake (reli zinazoiongoza cheni) ni za plastiki. Zikikatika, cheni inalegea na kuanza kusaga kava kwa ndani, kama msumeno, mpaka inatoboa njia ya maji. Hapo maji yanaingia kwenye oili, na wengi hukimbilia kulaumu gasketi ya hedi. Funga gaidi zenye mgongo wa chuma. Shusha na sampu (bakuli la oili chini ya injini), maana vipande vya plastiki huishia kwenye chujio la pampu ya oili na kuinyima injini oili.

Silinda namba tatu ipimwe kwanza. Ikiwa imelika, bloku ichongwe ndipo ununue pistoni za saizi hiyo. Usinunue pistoni kabla ya vipimo!

Kabureta_Tu:
Weber naiunga mkono, inawaka vizuri na haina msitu wa mipira ya vakyumu. Ila jeti zake (vitundu vya kupima petroli) zirekebishwe kwa injini yako, la sivyo itakunywa petroli hadi ujute. Kuna watakaokushauri hedi ya 20R, injini iliyotangulia 22R. Inakaa kwenye bloku za kabla ya 1985 kama yako, ila inapandisha kompresheni, na kompresheni ya juu inataka petroli bora, kwa hiyo fikiria petroli unayopata.

PikapuKuukuu:
Kava nimeitoa. Kwa ndani kuna mfereji, ukucha unazama. Gaidi moja haipo kabisa! Ijazwe welding?

SpanaKumiNaNne:
Hapana kaka, weka kava nyingine, na pampu ya maji na ya oili zibadilishwe hapo hapo. Ukirudisha hedi usisahau boliti moja ndogo ya mbele, imejificha chini ya oili karibu na gia ya kemshafti. Inashika hedi na kava. Tepeti (nafasi ya vali) zipimwe injini ikiwa ya moto: inteki 0.20 mm, egzosti 0.30 mm. Kemshafti iliyopo, kama haijalika, irudishe.