Santuri, CD au kulipia muziki mtandaoni? Nataka kununua wiki hii

Nyuzi Sita
Wakuu, habari za wakati huu. Nimejikusanya kidogo na nimechoka kusikiliza muziki kwenye spika ya simu. Nipo njia panda kati ya vitu vitatu: pleya ya santuri, deki ya CD, au nilipie programu ya muziki kila mwezi niachane na habari za mitambo. Kipi kina sauti nzuri kuliko vyote? Nataka kuagiza wiki hii hii.

Fundi Waya
Mleta mada, hujatuambia kitu. Amplifaya unayo? Nyuma yake kuna tundu la kuchomeka pleya ya santuri, limeandikwa PHONO? Spika zako ni zipi? Unasikiliza usiku peke yako kwa hedifoni, au sebuleni na wenzako? Na unapenda muziki gani? Jibu hayo kwanza.

Besi Kwanza
Lipia programu, yaishe. Leo unasikia wimbo kwa jirani, kesho unao. Chomeka simu kwenye amplifaya kwa waya badala ya blututhi, utapata sauti ambayo hao wa santuri watabaki kuisimulia tu. Mimi CD zangu zote niligawa, na sijajuta hata siku moja.

Sindano
Besi Kwanza, unamshauri mwenzio apangishe muziki maisha yake yote. Mwezi ukishindwa kulipa, huna hata wimbo mmoja wa kuuita wako.

Mimi ni mtu wa santuri na sifichi. Unaitoa kwenye jalada, unaishika kwenye kingo kwa viganja, unaifuta vumbi, unashusha sindano taratibu. Kuna ule mkwaruzo mwepesi wa sekunde mbili tatu kabla gitaa halijaingia, mimi huwa naacha kuongea hapo. Upande mmoja ni dakika ishirini na kitu, ukiisha unainuka, unageuza. Huwezi kuruka wimbo hovyo, kwa hiyo unaisikiliza albamu kama walioipanga walivyotaka isikike. Na dijitali inaikata sauti vipande vipande, santuri inaibeba nzima.

Fundi Waya
Yote sawa isipokuwa hilo la vipande. CD inapima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde. Ukiipima sauti zaidi ya mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa, yaani mitetemo yake mingi zaidi kwa sekunde, unaweza kuijenga upya ilivyokuwa, bila ngazi wala pengo. Sikio la kijana mzima linaishia karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde, na la mtu mzima chini ya hapo. CD imelifunika sikio lote.

Tofauti mnayoisikia mara nyingi ni ya aliyeandaa nakala. Kuanzia miaka ya 1990 CD nyingi zilipandishwa sauti hadi mnong'ono na kelele vikawa na kimo kimoja, na ngoma ikapoteza pigo lake. Santuri haivumilii hayo, kwa sababu ukizidisha besi, mfereji inamopita sindano unapanuka na sindano inaruka. Ndiyo maana wakati mwingine nakala ya santuri inapumua zaidi. Lakini santuri nayo ina kasoro yake: inazunguka kwa mwendo uleule wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, ila pembeni sindano inapita karibu sentimita 50 za mfereji kwa sekunde, na karibu na kitovu ni kama 20 tu. Wimbo wa mwisho wa kila upande huwa unabanwa. Sikiliza herufi S za mwimbaji utaelewa.

Sindano
Nimesikiliza santuri tangu sijajua kusoma. Hizo S ninazijua, na bado narudi kwenye santuri.

Diski Moja
Mbona CD inapitwa kama haipo? Watu wanazigawa, kwa hiyo unaokota hazina kwa wanaozichoka. Unaicheza mara elfu haichakai, kwa sababu hakuna kinachoigusa isipokuwa mwanga. Unainakili kwenye kompyuta kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti, haipotei hata chembe, na simu yako inapata nakala yako mwenyewe. Jambo moja tu, wengi wanalinda upande usiofaa. Wanaogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, ambao una plastiki nene na unaweza kusuguliwa ukapona. Tabaka la alumini liko juu, chini tu ya maandishi. Kwaruza huko, wimbo umekwenda moja kwa moja. Na usichanganye CD za kiwandani na zile za kuchoma nyumbani, hizo zinatumia rangi inayofifia.

Mama Kaseti
Naomba niseme yaliyonikuta, maana naona mtu anataka kuagiza wiki hii.

Nilinunua ile pleya ya sanduku, yenye mpini wa kubebea na spika zake humo humo ndani. Kwa macho ilikuwa nzuri sana. Marehemu baba aliniachia santuri aliyoipenda kuliko zote, nikasema hiyo ndiyo itaanza. Ikaenda vizuri mpaka ngoma ilipoingia, sindano ikaruka. Nikarudisha, ikaruka palepale. Nikamuuliza aliyeniuzia, akaniambia weka sarafu juu ya kichwa cha mkono unaoshika sindano, itatulia. Nikaweka. Kweli ikatulia, na mimi nikafurahi, nikaicheza hivyo kila jioni kwa miezi kama miwili.

Siku moja rafiki yangu mwenye mtambo wa maana akanikaribisha, nikaenda nayo. Beti la kwanza likatoka safi. Kilipofika kiitikio, sauti ya mwimbaji ikaanza kuchanika, kila neno linakuja na mvumo wa mchanga juu yake. Akaitoa, akaiinamisha kwenye taa tukaitazama kwa upande. Penye nyimbo laini mifereji ilikuwa myeusi, inang'aa. Penye sauti kubwa ilikuwa imepauka, rangi ya majivu, kama kitambaa kilichosuguliwa goti. Akanieleza kwamba spika zikikaa sanduku moja na sindano, mtikisiko wa besi unairudia sindano na kuirusha. Kosa halikuwa wepesi wa mkono. Pleya nzuri inakandamiza kwa gramu 2 hivi, na mimi nilikuwa nimerundika sarafu juu ya mkono ambao tayari ulikuwa mzito.

Wimbo ule upo mtandaoni, nimeusikia, ni msafi kabisa. Lakini si ile aliyoishika baba. Nyuzi Sita, ukienda kwa santuri, spika ziwe mbali na pleya. Hilo tu nakuomba.

Sindano
Pole sana dada. Hadithi ya sarafu nimeisikia kwa watu wengi, na inaniuma kila nikiisikia.

Besi Kwanza
Pole Mama Kaseti. Ila mnaona? Kitu kinachokwisha kila ukikitumia hakiwezi kuwa hifadhi.

Mama Kaseti
Na kitu kinachoondolewa usiku umelala? Nilikuwa na orodha ya nyimbo nilizopanga miaka mitatu. Asubuhi moja nikakuta sita zimegeuka kijivu, hazibonyezeki. Mkataba na wenye haki umekwisha, basi. Nililipia kama kawaida mwezi huo.

Jalada la Nyuma
Mimi nitawatoa kidogo kwenye njia. Hakuna aliyetaja majina. Kwenye programu naona mwimbaji, labda na mtunzi, basi. Nani alipiga besi? Nani alipuliza saksafoni ile ya katikati? Nyuma ya jalada la santuri mara nyingi wapo wote, hadi mhandisi wa studio. Nilimfahamu mpiga gitaa ninayempenda kuliko wote kwa kukuta jina lake nyuma ya majalada matano ya waimbaji tofauti. Hakuna aliyeniambia, nilisoma mwenyewe.

Diski Moja
Kijitabu cha CD nacho kinayo majina, na mara nyingi mashairi yote pia.

Jalada la Nyuma
Kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Jalada la sentimita 30 unalitundika ukutani.

Nyuzi Sita
Wakuu, nimesoma yote, ahsanteni. Majibu kwa Fundi Waya: amplifaya sina, spika sina, nasikiliza zaidi usiku. Muziki wa dansi wa zamani, magitaa na tarumbeta. Na kuna jambo sikulisema, nilidhani halihusiani. Mjomba amefariki, ameniachia kasha la santuri. Sijazihesabu. Hilo ndilo lililonitia wazo.

Fundi Waya
Ndugu yangu, pole kwa msiba. Hilo la kasha linabadilisha ushauri wote! Kabla hujaagiza chochote, fungua utuambie kila karatasi ya katikati imeandikwa mwendo gani: 33, 45 au 78.

Na kwa kuwa huna amplifaya, chukua pleya yenye priamplifaya ya santuri ndani yake, au ununue ya pembeni. Wakati wa kuchonga santuri besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kisha priamplifaya inairudisha ilivyokuwa. Ukichomeka pleya kwenye tundu la kawaida bila hiyo, utasikia sauti ndogo, kavu, besi hakuna, na utadhani santuri za mjomba zimekufa.

Nyuzi Sita
Nimefungua. Kubwa za 33 ni kumi na nne. Ndogo zenye tundu pana katikati, 45, ni nyingi, zinapita thelathini. Halafu chini kabisa kuna saba nzito kama vigae, zimeandikwa 78. Moja ina ufa. Zina vumbi sana, nataka kuzifuta kwa spiriti.

Sindano
SUBIRI! Usizifute hizo saba kwa spiriti! Za 78 nyingi si plastiki, ni shelaki, utomvu unaotoka kwa wadudu, na spiriti inauyeyusha. Utaifuta na sauti yake. Kwa sasa pangusa vumbi kwa brashi laini kavu, zipange zikiwa zimesimama, usizilaze. Zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo.

Na usizicheze kwa sindano ya kawaida. LP, yaani zile kubwa za 33, zilianza mwaka 1948 na mifereji yake ni myembamba sana, ya 78 ni mipana. Sindano ya LP inazama hadi chini inasugua uchafu tu. Zinataka sindano yao, na pleya nyingi za siku hizi hazina mwendo wa 78 kabisa. Angalia hilo kabla ya kulipa.

Diski Moja
Mimi ningempa mtu mwenye mtambo wa 78 azinakili mara moja kwenye kompyuta, halafu zipumzike. Kwa kusikiliza kila siku, bado nasema CD.

Besi Kwanza
Hapo kwa kunakili nakubali. Ukisharekodi, weka nakala sehemu mbili tofauti, usitegemee diski moja.

Sindano
Ile yenye ufa inaweza kuchezwa?

Fundi Waya
Ufa ukiwa umeshikana, mtu mzoefu anaweza, itagonga kila mzunguko, na milio hiyo ya kugonga inaondolewa baadaye kwenye kompyuta. Yeye asijaribu peke yake.

Jalada la Nyuma
Nyuzi Sita, hiyo yenye ufa imeandikwa nini katikati? Jina la bendi linasomeka?

Nyuzi Sita
Karatasi imefifia. Naona neno la mwisho la jina la wimbo, na chini yake kuna mwandiko wa kalamu, nadhani ni wa mjomba, tarehe na herufi mbili ambazo si za jina lake. Kununua nimesimamisha kwanza. Kesho kukiwa na mwanga nitaipiga picha niiweke hapa.